Fundi wa Meko Anajibu: Mkaa Chumbani, Kuni Zinazofoka Povu na Shoka Linalonasa

Barua za kuni huja kwa wingi baridi inapokaribia, na mwezi huu zimefurika. Naanza na ile isiyoweza kungoja zamu yake.

SWALI: Shikamoo fundi. Chumba chetu tunakipasha joto kwa jiko la mkaa. Jioni tunalichochea nje mpaka moshi uishe kabisa, ndipo tunaliingiza ndani, tunafunga mlango na madirisha, tunalala. Juzi mke wangu aliamka kichwa kikimuuma sana na kichefuchefu juu, na mtoto akawa mzito kuamka. Walipotoka nje walipata nafuu. Je, tumeuziwa mkaa mbaya?

JIBU: Marahaba mwanangu. Jiko hilo lisilale ndani tena, kuanzia usiku wa leo. Mkaa wenu hauna kasoro. Mkaa wote uko hivyo. Kilichowapata ni gesi ya kaboni monoksaidi, ambayo haina rangi, haina harufu na haiwashi macho wala koo. Moshi ukiisha watu hudhani hatari imeisha, kumbe mkaa uliokolea, mwekundu, usio na moshi hata kidogo, unaendelea kuitoa gesi hiyo muda wote unapowaka.

Ikiingia mapafuni hushikamana na damu pale ambapo oksijeni ingeshika, tena kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni yenyewe. Aliye macho huumwa kichwa, husikia kizunguzungu, hutapika, na akibahatika hutoka nje. Aliyelala hapati onyo lolote. Mke na mtoto wapeleke hospitali hata kama wanajiona wazima, na umwambie daktari waziwazi kwamba mlilala na jiko la mkaa, kwa sababu bila kuambiwa anaweza kudhani ni malaria au mafua.

Wengi wataniandikia kwamba wao huacha dirisha wazi kidogo. Nawasihi msilitegemee dirisha. Kila kinachowaka ndani ya chumba cha kulala kiwe na bomba linalotoa hewa yake nje. Kama bomba hakuna, chemsheni maji nje, mjaze kwenye chupa zinazofungwa vizuri, mzifunge kwa kitambaa na kuziweka chini ya blanketi miguuni. Chupa hizo hushika joto saa nyingi. Mnaotumia meko yenye bomba nanyi mnahitaji kengele ya kugundua gesi hii. Zipo za betri, na mahali pake ni karibu na mnapolala, pale mtakapoisikia.

SWALI: Tulihamia nyumba yenye meko ya chuma yenye mlango wa kioo. Aliyetuletea kuni anaapa kwamba mti ulikatwa mwaka mzima uliopita. Lakini zinawaka kwa shida, ncha zinafoka povu, kioo kinakuwa cheusi kabla hatujalala, na nyumba haipati joto. Tatizo ni meko au ni kuni?

JIBU: Ni kuni, na huenda aliyewaletea hakusema uongo. Swali mlilopaswa kumuuliza ni hili: magogo yalipasuliwa lini?

Gogo zima lenye gome lake linaweza kulala mwaka na zaidi, na ukilipasua ukakuta moyo wake umelowa. Mti ulipokuwa hai ulipandisha maji kwa mishipa myembamba inayokwenda kwa urefu wa shina, na maji hutoka kwa njia hiyohiyo. Hupita kwenye ncha zilizokatwa mara 10 hadi 15 kwa urahisi zaidi kuliko kupita ubavuni, tena ubavu wenyewe umezibwa na gome. Kwa hiyo anayekata magogo marefu na kuyarundika hajaanza kukausha. Kukausha huanza siku gogo linapokatwa vipande vifupi na kupasuliwa, uso wa ndani ukaonana na upepo.

Lile povu linawapa jibu bila kipimo. Chuchumaeni mbele ya kioo mwangalie ukuni mmoja tu. Moto unalamba katikati, maji yaliyo ndani yanachemka, mvuke unayasukuma kwenye mishipa ile mpaka ncha ya ukuni, na hapo yanatoka kama mapovu madogo ya kahawia yanayolia na kukauka yakiacha alama ya kunata. Ukuni ulio tayari hauna sauti hiyo.

Sasa nizungumzie hesabu, maana hapa pana dhana iliyoenea ambayo ni nusu ya ukweli. Mti uliokatwa leo, karibu nusu ya uzito wake ni maji. Kuni zilizo tayari kwa meko maji yake hayazidi asilimia 20 ya uzito. Kilo moja ya kuni kavu za kiwango hicho ina joto la takriban kilowati-saa 4, na kilo moja ya kuni mbichi zilizo nusu maji ina kilowati-saa 2 na kidogo tu. Watu husema tofauti hiyo imeliwa na kazi ya kuchemsha maji. Imeliwa kwa sehemu ndogo. Hata katika kuni mbichi hizo, kugeuza maji yote kuwa mvuke hula kama asilimia 13 ya joto lililomo. Kilichobaki katika pengo hilo ni kwamba nusu ya kilo mliyobeba haikuwa kuni.

Hasara inayoumiza zaidi haionekani katika hesabu hiyo. Ukuni ukipata joto hutoa gesi, na ndimi za moto mnazoziona ni gesi hizo zikiungua. Zaidi ya robo tatu ya uzito wa ukuni mkavu huondoka kwa njia hiyo. Kinachosalia ni mkaa na majivu. Ili gesi zote ziungue, ndani ya meko panatakiwa joto la nyuzi 600 au zaidi, pamoja na hewa ya kutosha. Kuni mbichi hazifikishi meko huko. Mvuke unapoza kila kitu, na gesi zinapanda bombani zikiwa hazijaungua, maana yake joto mlilolinunua linapita juu ya paa. Zikikuta bomba la baridi huganda na kuwa lami nyeusi inayoitwa kreosoti. Weusi wa kioo chenu ni mwanzo wake. Nimesafisha mabomba ambayo lami hiyo imekauka ikang'aa kama kioo cheusi, brashi inateleza juu yake isishike kitu, na hiyo ndiyo inayonitia hofu kuliko masizi ya unga, kwa sababu ikishika moto joto lake linaweza kupita nyuzi 1,000. Joto hilo hupasua bomba la matofali na kutafuta mbao za paa.

Kwa hiyo, kabla ya jambo lingine, mwiteni mtu apige bomba brashi. Kisha zipasueni upya kuni mlizonazo, vipande vya unene wa sentimita 8 hadi 12. Vipande hivyo vitawahi kukauka. Vile vinene viacheni kwa msimu ujao. Mkipata kuni kavu kidogo kwingine, zitumieni kuwashia na kulipasha moto bomba kwanza.

Kuzipanga kuna ufundi wake, ingawa si mgumu. Tengenezeni uchaga ulioinuka kama sentimita 15 kutoka ardhini, hata miti miwili iliyolazwa juu ya mawe inatosha. Pangeni safu moja, si rundo, mahali upepo unapopita, ncha zikielekea upepo. Funikeni juu tu. Watu wengi huvika kuni turubai mpaka chini kwa nia njema, na ndani zinatoka ukungu kwa sababu maji yanayozitoka hayana pa kwenda. Upepo hukausha kuliko jua. Msizibandike kwenye ukuta wa nyumba, kwa ajili ya mchwa. Mimi huandika mwezi na mwaka kwa chaki kwenye ncha ya ukuni wa pembeni wa kila safu. Siku ya baridi hakuna anayekumbuka safu ipi ilianza.

Mtajuaje zimefika? Ncha hupasuka nyufa kama miale, gome hubanduka kwa mkono, na vipande viwili vikigonganishwa hutoa mlio mkali badala ya kishindo kizito. Mwenye kipimo cha unyevu asikichomeke kwenye ncha wala kwenye uso wa nje, kwani huko ndiko kunakokauka kwanza. Apasue ukuni papo hapo, achomeke katikati ya uso mpya. Asiye na kipimo achukue ukuni mmoja, aupime kwenye mizani, aandike uzito juu yake, aurudishe kwenye safu. Aupime tena kila baada ya wiki mbili. Uzito ukiacha kushuka, safu imekauka kadiri hewa ya mahali hapo inavyoweza kuikausha.

SWALI: Kwetu kuna ubishi. Kaka yangu anasema msonobari usiingie ndani kabisa kwa sababu ulimbo wake unaziba bomba. Mimi nasema kuni ni kuni. Nani ana haki?

JIBU: Wewe umekaribia zaidi. Kilo kwa kilo, zikiwa zimekauka sawasawa, kuni za miti yote hutoa joto karibu sawa, na ulimbo unaipa misonobari nyongeza kidogo. Tofauti iko katika uzito wa mti wenyewe: ukijaza meko kwa mti mzito kama mwaloni au mvinje umeweka kilo nyingi mle ndani, ukijaza kwa msonobari umeweka chache, nazo zitaisha mapema. Msonobari mkavu unaowaka kwa hewa ya kutosha hauzibi bomba. Mwaloni mbichi unaziba. Katika nchi za kaskazini kama Norway na Finland watu wamejipasha joto kwa misonobari na jamii zake vizazi kwa vizazi.

Miti miepesi ina faida yake pia. Msonobari uliopasuliwa mapema hukauka kwa msimu mmoja mzuri, mwaloni unaweza kudai miaka miwili. Wenye mkaratusi waupasue ukiwa mbichi, kwa sababu nyuzi zake zimesokotana na ukikauka utawatoa jasho bure. Mwambie kaka yako mgawane kazi: miepesi ya kuwashia na ya jioni fupi, mizito ya usiku.

Miti ya kuogopwa ipo, ila sababu yake ni sumu. Mnyaa na jamii zake zenye utomvu mweupe kama maziwa msiziingize ndani, wala msizikate bila kulinda macho.

SWALI: Fundi, mimi ni mama, na kupasua kuni sasa ni kazi yangu. Shoka linanasa kwenye gogo kila ninapopiga, nabaki kulivuta kwa mguu. Nguvu zangu ni za kawaida. Nifanye nini?

JIBU: Mama, naamini nguvu unazo za kutosha. Nahisi shoka ulilonalo ni lile jembamba la kukatia matawi. Kazi yake ni kukata nyuzi, kwa hiyo linazama na kunaswa. La kupasulia lina mashavu manene na uzito wa kilo 2.5 hadi 3.5, na linazisukuma nyuzi ziachane. Halihitaji makali ya kunyolea.

Kabla hujainua chochote, inama usome ncha ya gogo. Utaona nyufa ndogo zinazotoka katikati kwenda pembeni. Mti wenyewe umeshakuonyesha unapotaka kufunguka; piga juu ya ufa, usiukatize. Tafuta mafundo, yaani mahali tawi lilipoota, na upange pigo lako lipite mbali nayo. Gogo likiwa nene usilipige katikati. Anzia ukingoni ulio upande wako, ubandue vipande vya pembeni ukilizunguka, na moyo wake utabaki mdogo wa kumalizia kwa pigo moja.

Lisimamishe juu ya kisiki kipana kinachofika chini kidogo ya goti, usipige juu ya udongo. Miguu ipanuke, na shoka linaposhuka kunja magoti ushuke nalo, ili likikosa gogo litue kwenye kisiki na si kwenye muundi wako. Acha uzito wa shoka ufanye kazi. Mikono inaliongoza tu. Tairi kuukuu la gari likivishwa juu ya kisiki na gogo likasimama ndani yake, vipande havirukiruki na huinami kila mara kuviokota. Hilo peke yake litakuokolea mgongo.

Gogo likikataa, tia kabari ya chuma kwenye ufa, uigonge kwa nyundo kubwa. Usigonge kisogo cha shoka kwa nyundo, maana chuma kinaweza kuchomoka kipande kikakuingia jichoni. Vaa viatu vilivyofunika vidole, na watoto wakae mbali kabisa, hata wakililia kusaidia. Wao wape kazi ya kupanga.

SWALI: Tumebomoa kibanda na tuna mbao nyingi za zamani, nyingine zina rangi, nyingine zilitiwa dawa ya mchwa. Zinafaa kwa meko?

JIBU: Hapana kwa zote mbili. Rangi za zamani mara nyingi zina madini ya risasi, na mbao nyingi zilizotiwa dawa zina aseniki. Moto hauziharibu sumu hizo. Zinabaki katika moshi na katika majivu utakayoyazoa. Mbao za plaiwudi nazo zina gundi, ziache. Mbao tupu, isiyopakwa wala kutiwa kitu, ichome kwa amani baada ya kuing'oa misumari.

SWALI: Shikamoo. Sina shamba la miti, naokota kuni msituni kwa ruhusa ya wenye msitu. Nyingine nikifika nyumbani haziwaki ingawa ni za mti uliokufa siku nyingi. Nichague vipi?

JIBU: Marahaba. Kufa kwa mti na kukauka kwake ni mambo mawili. Tawi lililolala chini linanyonya maji ya udongo, kuvu inaingia, na kuvu hula ule ule mti ambao moto wako ungeula. Ndiyo maana ukuni uliooza ni mwepesi, unamumunyika mkononi, na hata ukiukausha hautoi joto la maana. Tafuta matawi yaliyokufa ambayo hayajagusa ardhi: yaliyonasa kwenye miti mingine, au yaliyoangukia juu ya mwamba au kichaka. Likunje. Kavu linakatika kwa mlio, bichi linapinda, lililooza linavunjika kimyakimya. Kabla ya kuvuta lililonasa juu, tazama kwanza litakapoangukia na lililo juu yake.

Yaliyooza yaache palepale, na miti mikavu yenye matundu pia. Bundi, nyuki, wadudu na uyoga wanaishi humo, na msitu uliofagiwa mpaka kijiti cha mwisho hudhoofika. Hili nalisema kwa uchungu, kwa kuwa nimeona sehemu zilizosafishwa hivyo.

Jambo la pili: kuni zichomwe karibu na zilikotoka. Mabuu ya mbawakawa husafiri chini ya gome bila mtu kuwaona. Huko Marekani, mbawakawa mmoja wa kijani kutoka Asia aligunduliwa Michigan mwaka 2002, na tangu hapo ameua mamilioni ya miti. Kuni zilizopakiwa kwenye magari zilikuwa mojawapo ya njia zake.

Na kama una hata kipande kidogo cha ardhi, panda miti inayochipua kisikini, mkaratusi ukiwa mmojawapo. Unaikata karibu na ardhi, kwa mshazari ili mvua isituame, unaacha machipukizi mawili au matatu yenye nguvu, na mizizi ileile inakupa kuni tena bila kupanda upya.

SWALI: Usiku nikifunga kabisa tundu la hewa la meko, kuni zinadumu mpaka asubuhi. Mume wangu anasema ni uharibifu. Kweli?

JIBU: Mumeo asikilizwe. Kuni zilizonyimwa hewa zinafukuta badala ya kuwaka, na usiku mzima zinatengeneza kreosoti na kaboni monoksaidi. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba moshi wa majumbani ulihusika na vifo milioni 3.2 katika mwaka 2020, wakiwemo watoto wadogo wengi, kwa hiyo hewa ya meko si mahali pa kubania. Washa moto mkali jioni, nyumba ishibe joto, na mwache moto uishe wenyewe. Jaribu pia kuwasha kutoka juu: vipande vinene chini, vyembamba juu yake, vibanzi na kiberiti juu kabisa. Moto unashuka taratibu, na gesi zinazotoka chini zinapita ndani ya ndimi zilizo juu na kuungua. Moshi wa mwanzo unapungua sana.

SWALI: Majivu nitupe wapi?

JIBU: Kwanza yatie kwenye ndoo ya chuma yenye kifuniko, uiweke nje juu ya mawe au sementi, kamwe si juu ya sakafu ya mbao wala kwenye boksi. Kaa dogo lililozikwa majivuni linaweza kubaki hai siku kadhaa. Meko usiyakombe yote. Tabaka la sentimita 2 au 3 hulinda chuma na kushika joto la makaa. Yakipoa kabisa, nyunyiza kidogo kwenye bustani yenye udongo mchachu, kwa kuwa yana chokaa na potasiamu. Kwenye viazi usiyatie, maana udongo ukikosa uchachu viazi hupata ukurutu. Na majivu ya zile mbao za rangi, kama kuna aliyekwisha kuzichoma, yasifike bustanini hata kidogo.